Siku Shimo Lilipomeza Jiwe la Kufulia

Ilikuwa Jumamosi, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Nina uhakika kwa sababu niliandika. Nilikuwa darasa la saba, nimesimama mlangoni na kikombe cha chai ya rangi, nikaliona jiwe la kufulia la Shosho, nyanya yangu, likiinama polepole, kama mtu anayesinzia kanisani, kisha likaingia ardhini. Likaenda! Hata kelele halikupiga.

Haya yote yalinirudia jana. Niko Form Three sasa, tumefunga kwa midterm, nikapitia mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, kuiona ploti yetu ya zamani. Nilikuta gorofa nne na matofali ya kabro yametandikwa kila mahali. Nilisimama pale nilipodhani bomba letu la maji lilipita, watu wananizunguka wakidhani nimepotea. Wacha nikuambie vile mambo yalikuwa.

Ploti ilikuwa ya Shosho, vyumba sita vya mabati vikitazamana, na katikati mfereji mmoja wa maji ya bomba. Maji yalikuja Jumanne na Jumamosi tu. Siku hizo uwanja ulikuwa kama harusi: mitungi ya manjano kwa laini, povu la sabuni ya kipande likitiririka hadi getini, harufu ya chapati za jirani yetu aliyepikia mlangoni pake. Kazi yangu ilikuwa kufua soksi na kola, juu ya lile jiwe pana ambalo Shosho alikuwa amelisugua kwa miaka hadi likawa laini kama sahani.

Kando ya jiwe ndipo shimo lilianza, dogo kama kikombe. Wiki ya pili likawa kama karai. Na wewe unajua watu wa Nakuru: ardhi ikizama kidogo tu, tunasema ni ufa. Tumeona barabara zikipasuka wakati wa mvua na nyumba zikibaki zimening'inia. Kwa hivyo hakuna aliyejiuliza mvua yenyewe iko wapi. Kulikuwa na vumbi hadi kwa ugali! Tulijaza kokoto, tukajaza matofali yaliyovunjika, ardhi ikameza vyote na haikusema asante.

Jiwe lilipozama, Mama alisema imetosha. Akampigia shangazi kule Kamere, nje ya mji, akaambiwa kuna chumba, na pikapu ingefika saa nane mchana. Tungehama na tusirudi. Shosho akaketi kitandani akafunga mikono.

"Mimi nitatolewa hapa na kreni."

"Mum, kreni haiwezi kuingia kwa hii kichochoro," Mama akajibu, huku akifunga sufuria ndani ya leso. Alikuwa analia, lakini mikono haikusimama.

Mimi nikakunja godoro. Sikuwa mtu wa kusema. Jirani wa chapati alipenda kunitania, "Huyu akikohoa tutaandika kwa kalenda." Mwalimu wangu wa Kiswahili ndiye aliyenipa daftari. "Usiposema, basi andika," aliniambia, "lakini usininyamazie kabisa." Kwa hivyo niliketi juu ya godoro lililokunjwa, nikafungua daftari niandike kwamba tunahama. Nikaanza kusoma kurasa za nyuma.

*Jumanne. Maji yamekuja. Shimo linafika kifundo cha mguu.*
*Alhamisi. Shimo ni lile lile.*
*Jumamosi. Maji. Shimo linafika goti.*

Nilisoma tena. Shimo lilikuwa linakua siku za maji tu!

Nikatoka mbio. Watu walikuwa wamemaliza kuchota na mfereji ulikuwa umefungwa kabisa. Nikaweka sikio kwenye bomba. Ssssss. Nikakimbia hadi getini kwenye mita. Ndani yake kuna kinyota kidogo chekundu ambacho huzunguka maji yakipita. Mfereji umefungwa, na kinyota kinazunguka kama kichaa!

"Mum, ni bomba," nikasema. Mama hakusikia. Nikasema tena.

"Unaongea na nani, na kola ya shati?" jirani akauliza, na watu wakacheka.

Nikampelekea Shosho daftari, nikaliweka mapajani pake. Akavaa miwani. Akasoma kwa kidole na kwa sauti, mstari kwa mstari, jinsi alivyosoma Biblia, na watu wa uwanjani wakasogea mlangoni kusikiliza. Kisha akasimama.

"Hakuna mtu anaenda Kamere. Leteni jembe!"

Fundi wa mabomba alitoka ploti ya mbele. Naye akaweka sikio kwenye bomba, akanitazama, kisha akamgeukia Mama. "Mathe, huyu mtoto ako na masikio ya paka." Akafunga koki ya getini, wakaanza kuchimba. Udongo wetu ni kama unga, majivu matupu. Pikapu ilipofika, dereva alishuka kubeba meza na akajikuta ameshika sepetu. Walipata jiwe la Shosho kwanza, limelala ubavu. Chini yake, bomba la chuma lililoliwa na kutu. Upande wa chini lilikuwa na tundu dogo kama punje ya maharagwe. Maji yalikuwa yakipiga kwenda chini, yanabeba udongo, na juu hapaloi hata kidogo.

Fundi alikata kipande kibovu kwa msumeno, akaweka bomba la plastiki, akakaza nati huku na huku. Koki ikafunguliwa. Sote tuliinama, vichwa vikigongana. Tone moja likadondoka. Akakaza tena. Tukangoja. Hakuna. Nikakimbia kwenye mita: kinyota kimesimama tuli. Nikainua mikono tu, na ploti nzima ikapiga vigelegele. Mama akamlipa dereva kwa chai na chapati sita.

Shosho hayuko tena. Aliondoka akiwa kitandani pale pale pake, na hakuna kreni iliyohitajika. Baadaye ploti iliuzwa, na jiwe sijui lilienda wapi. Jana nilitazama zile gorofa na kila nyumba ina mfereji wake. Ni vizuri. Lakini hakuna mtu aliyekuwa uwanjani.

Nakumbuka ile Jumapili asubuhi, siku moja baada ya bomba kurekebishwa: niliamka kabla ya wote. Nilipiga magoti karibu na jiwe, ambalo sasa lilikuwa juu ya udongo ulioshindiliwa, nikaweka sikio kwenye bomba. Nilisikiliza kwa muda mrefu. Jirani alifungua mlango, jiko la makaa mkononi.

"Wewe, unasikia nini hapo?"

"HAKUNA KITU!" nikapiga kelele, hadi mbwa wa ploti ya mbele akabweka.

Jirani akaliweka jiko chini, akaingia ndani kutafuta kalenda.