Mguu Niliouchukua, Mluzi Niliouacha

Watu wakisikia kwamba miaka ya tisini nilikuwa kocha msaidizi wa timu ya kampuni ya chai huko Kericho, hudhani nilikuwa bwana mkubwa. Bwana gani! Asubuhi nilikuwa kiwandani nikigeuza majani mabichi yanyauke, jioni niko uwanjani kwenye matope. Jumamosi nilizunguka vyuo na shule nikitafuta wachezaji, na hiyo ndiyo kazi iliyonipa jina. Nikimpenda mtu, kampuni ilimwandika kazi nyepesi, ikampa chumba kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, naye akatuchezea ligi. Hao tuliwaita walioandikwa kwa mguu.

Kumpima mchezaji wa chuo ni kazi ya kudanganyika. Chuoni anacheza na vijana wenzake wanaokula githeri na kwenda darasani. Kwenye ligi anakutana na mababa wa watoto wanne, wanaokutia kiwiko refa akigeuza uso. Winga hasumbui, mbio zake unaziona. Kipa naye utampigia mashuti kumi, umemjua. Anayekutoa jasho ni yule wa katikati, mgawa mpira, kwa sababu yeye hachezi peke yake. Hilo nalisema leo. Wakati ule sikulijua, na mdomo nilikuwa nao.

Tayari nilikuwa nimeleta wawili wakashindwa. Mmoja alitoroka baada ya mwezi, mwingine alikuwa mwoga wa kugongwa. Meneja wa timu aliniita akaniambia bila kupepesa macho, "Wa tatu akiwa hivyo, mpira utauacha, ubaki na majani yako." Nilitoka pale nikiwa na hasira hadi masikio yananiwaka.

Huyo wa tatu nilimpata chuo cha ualimu. Alikuwa mwaka wa mwisho, kijana mtulivu, kwao ni upande wa Kapkatet. Sijaona pasi kama zake. Mpira ulitoka mguuni kwake ukavuka nusu ya uwanja, ukamkuta mwenzake pale pale anapotaka kukanyaga. Na hakuinua kichwa! Nilimtazama mechi tatu, hakuinua kichwa hata mara moja. Nikajipiga paja: huyu anaona bila kutazama, hiki ni kipaji cha Mungu.

Alikuwa na rafiki yake, winga mfupi, mwenye kelele kama kasuku. Muda wote anapiga mluzi, anaita, anapiga mluzi tena. Aliniudhi sana. Siku walipokuja wote wawili kujaribiwa uwanjani kwetu, nilimfokea, "We, nyamaza, hapa hatuchungi ng'ombe!" Akanyamaza kidogo, akaendelea. Mpira ukawa unamfuata yeye, pasi baada ya pasi, mpaka meneja akainuka kwenye kiti.

"Nani tunachukua?" akaniuliza.

"Mgawa mpira. Huyu mfupi hana mwili, arudi akasome."

Jumapili nilipanda hadi kwao Kapkatet. Mamake alikuwa mjane, ana chai kidogo na ng'ombe wawili, na mtoto huyo ndiye alikuwa wa kwanza katika nyumba ile kufika chuo. Kwenye kampuni hakuna kusubiri, na kufika mtihani wa mwisho kulibaki muhula mmoja tu. Alinipa chai, akaketi mbele yangu, akaniuliza, "Kocha, wewe ndio unajua hii maneno. Kama ni mtoto wako, ungemtoa chuo?"

"Mama, ningemtoa leo," nikamjibu.

Akanijazia kikombe tena. Halafu akasema sawa.

Kijana akahamia kwetu Jumatatu. Mkuu wa chuo, mtu mwenye huruma, alikuwa amemwambia nafasi yake ataishika mpaka Ijumaa, asije akajuta. Jioni ile nikiwa upande mmoja wa uwanja nilimpungia mkono aje. Alikuwa amenielekea kabisa, hakutikisika. Nikapunga tena. Wapi! Nikasema moyoni, ala, hata siku mbili hajamaliza na kiburi kimemjaa. Nikamwendea mbio nimpe vipande vyake. Nikiwa kama hatua kumi kutoka kwake ndipo uso wake ukabadilika, akatabasamu, "Oh, ni wewe, kocha?"

Nilisimama. Nikarudi nyuma mpaka katikati ya uwanja, nikaficha mikono mgongoni, nikamwuliza, "Nimeinua vidole vingapi?"

"Vitatu."

Sikuwa nimeinua hata kimoja.

Alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kocha, tafadhali usiniseme. Miwani ninayo, lakini ni ya darasani. Uwanjani nacheza kwa masikio. Huyu rafiki yangu akipiga mluzi, najua yuko wapi."

Haki ya Mungu! Nilikuwa nimechukua mguu nikafukuza macho yake yarudi chuoni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sasa aliyekuwa akificha maradhi ni mimi. Nilikuwa na siku nne za kumrudisha. Ningemwambia meneja, "Nimekosea," mambo yangeisha, na mimi ningerudi kwa majani moja kwa moja. Jumanne nikasema kesho. Jumatano nikajiambia atawazoea hawa, watamzoea. Ijumaa ikapita. Niliona aibu wakati ule ule, sitasema sikuona.

Mechi ya kwanza ilikuwa ugenini. Ngoma zinalia, watu wanapiga makelele, na wenzake walikuwa watu wazima waliozoea kuinua mkono tu wakitaka mpira. Nani angempigia mluzi? Pasi ya kwanza alimpa adui. Ya pili ikatoka nje. Mashabiki wakaanza, "Wee mwalimu, hiyo umepea nani? Ni bibi yako?" Mechi ya pili ikawa hivyo, ya tatu vibaya zaidi. Na mimi, niliyejua, nilisimama kando ya mstari nikimtukana kwa sauti kuliko wote, ili meneja asikie.

Baada ya mechi tano aliwekwa nje. Baada ya miezi miwili kazi nyepesi ikaisha, akapewa kikapu cha kuchumia chai. Chuoni nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Akawa mchumaji hodari, kwa sababu kuchuma majani hakuhitaji kuona mbali. Meneja aliponiuliza kulikoni, nilimwambia vyuo vya siku hizi vinalea watu laini. Alicheka, akaniacha na kazi yangu.

Mamake alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, akiwa na nguo zake nzuri na viatu vyenye matope. Alikuwa ametoka kumwona mwanawe. Nilimfungulia mlango nikajua leo nimepatikana, na nilikuwa nimekwisha kuandaa uongo wangu.

Hakuketi. Akasema, "Kocha, nisamehe."

"Kwa nini, Mama?"

"Mimi nilijua. Hiyo macho yake ni mbaya toka akiwa mdogo. Siku ile ulikuja, nilitaka kukuambia. Nikaona, huyu ni kocha, amempima, kama anasema angemtoa leo, basi macho si kitu. Lakini pia niliogopa ukijua utamwacha." Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Ni mimi nimemharibu. Ningesema, angekuwa mwalimu sasa. Na wewe nimekuaibisha mbele ya wakubwa wako."

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Alikuwa akinisubiri, na mlangoni hapakuwa na mtu mwingine.

"Usilie, Mama," nikamwambia. "Nimekusamehe."

Akanishukuru.