Kizibo cha Pétronille na Migahawa Saba

Saa nne asubuhi, Pétronille Dhena anapara samaki bila kumtazama samaki. Mkono unakwenda na kurudi, magamba yanaruka hadi kwenye kilemba chake, lakini macho yako ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha Vahwere, ambako moshi umeanza kupanda.

"Ameweka maharagi," anasema. "Jana maharagi, leo maharagi. Mimi siangalii. Ninaona tu."

Anachoparia ni kipande cha ubao kilichopigiliwa vizibo kumi na viwili vya chupa, meno yakitazama nje. Kila mama wa malewa, kama wanavyoviita vibanda vya chakula hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, ana ubao wa namna hiyo. Hiki cha Pétronille kina historia, na historia hiyo ilifika mpaka Uganda, ikaingia kasino, ikarudi na vumbi la barabara ya Mahagi.

Pétronille ana miaka arobaini na minne na watoto watano. Malewa yake ni nguzo nne na bati sita karibu na soko. Siku nzuri anauza sahani arobaini za fufu, ugali wa hapa: ya sombe, majani ya muhogo, faranga elfu moja, ya samaki elfu mbili. Akishatoa makala, ule mkaa wa kupikia, unga na mafuta, anabaki na kama elfu kumi na mbili. Siku mbaya anakula alichokipika mwenyewe, na anasema mteja huyo ndiye mgumu kuliko wote, hasifu kitu.

Biashara hii hakuipanga. Wakati wa vita alikimbia kutoka upande wa Djugu na sufuria kichwani, maharagi yakiwa hayajaiva. "Ningeyamwaga namna gani? Nilifika Bunia, nikatafuta kuni, nikamaliza kuyapika. Watu wakasikia harufu, wakauliza bei."

Sasa kumetulia. Kumetulia kama mtoto aliyenyamaza ghafla chumba cha pili: unafurahi, lakini unaenda kuchungulia. Lori la askari likipita kwa kasi, wateja wa Pétronille wanasimamisha tonge hewani, wanasikiliza linaelekea wapi, kisha wanaendelea kutafuna. Yeye mwenyewe, miaka yote hii, hajawahi kununua sufuria ambayo hawezi kuibeba kichwani.

Vahwere alitokea Butembo miaka kumi na moja iliyopita akafungua malewa ng'ambo ya pili. Ni mdogo kwa miaka sita, kwa hiyo anamwita Pétronille yaya, dada mkubwa, naye anaitwa mudogo. Tangu hapo wamekuwa wakipokonyana wateja na kuazimana kila kitu: chumvi, makala, na hasa chupa za sikre, yaani soda. Desturi ni moja. Chupa ikiazimwa, inarudishwa chupa. Kizibo hakina mwenyewe. Aliyefungua anakitupa, au anakipigilia kwenye ubao wake wa kuparia.

Desturi hiyo haikumsumbua mtu yeyote mpaka kampuni moja ya vinywaji ilipotangaza tombola na kuficha zawadi chini ya vizibo.

Siku hiyo Hubert, msimamizi wa waashi wanaojenga ukumbi wa parokia nyuma ya soko, aliagiza sikre kwa Vahwere. Kreti ya Vahwere ilikuwa tupu.

"Yaya, uniazime moja!"

Pétronille alichomoa chupa, akavuka barabara, akamkabidhi mkononi. "Niliipangusa hata vumbi," anasema, na hilo la vumbi ndilo linalomuuma zaidi.

Vahwere alifungua chupa, akatia kizibo kwenye mfuko wa eproni. Jioni, nyundo mkononi, alikigeuza kabla ya kukipigilia. Kiliandikwa: safari ya watu wawili, siku tatu, katika hoteli ya starehe yenye kasino kando ya ziwa, upande wa Uganda.

Asubuhi soko zima lilipata burudani ya bure.

"Ile kizibo ni yangu!"

"Yaya, chupa yako nilirudisha."

"Chupa ulirudisha. Kizibo iko wapi?"

"Tangu lini siye tunarudishaga vizibo?"

Hubert alijaribu kuingilia. "Na mimi niliyekunywa, je?" Wote wawili walimwambia anyamaze, kwa sauti moja, na hilo ndilo jambo la mwisho walilokubaliana kwa muda mrefu.

Kabla ya kufunga siku hiyo, Pétronille aling'oa vizibo vyote kumi na viwili kwenye ubao wake, akavigeuza kimoja kimoja. Alikuta kutu. Akavipigilia tena.

Vahwere anasema nafasi ya pili ilikuwa ya yaya tangu mwanzo. "Lakini alinitukana mpaka akafika kwa bibi yangu, ambaye hata hakumujua. Ningemubeba namna gani?" Akamchukua Hortense, muuza mandazi wa pembeni, mwanamke ambaye katika historia ya soko hajawahi kuazimisha mtu hata kiberiti.

Siku kumi na sita Vahwere hakuvuka barabara. Chumvi ikimwishia, alinunua dukani. Pétronille alihesabu. Wivu wa safari ulikuwa unamla mchana, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinamla zaidi. "Nilijiambia, mutu akishakaa kule, anarudi mutu mwingine. Hatavuka tena. Na mimi chumvi yangu nitamupa nani?"

Kisha, jioni ya kwanza ya safari, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Vahwere, wa haraka, kama wa mtu anayeogopa kukatwa.

"Yaya, ni mimi. Usifute. Huku kuko resto saba. Saba, yaya! Wametupa karatasi moja kwa kila jioni, ukiingia kwa moja, zingine basi. Kuko ya Wachina, ya Wahindi, ya nyama ya kuchoma. Ingine iko ndani ya kasino, watu wanakula huku mashine zinalia kama duka la simu. Hortense anasema twende penye taa mingi. Weye unajua chakula. Tukule wapi?"

Pétronille aliisikiliza mara nne. Mara ya nne Hubert na waashi wake wanane, waliokuwa wakimalizia sahani, waliisikiliza pamoja naye.

"Mama Pétro," akasema Hubert, "na siye utupe karatasi ya kuchagua."

"Weye utachagua kunyamaza ao kulipa."

Bado akikumbuka anapandisha sauti. "Kuchagua! Kwangu mutu anachagua sombe ao lenga-lenga, na akikawia namwambia kuko watu nyuma yake. Yeye iko na saba, na anateseka! Mateso ya namna ile Mungu aniletee na mimi, nitavumilia."

Jioni ile alinawa mikono kwanza. Kisha akabonyeza, akasema neno la kitaalamu: "Resto ni sufuria. Muingie mu jikoni, muombe wafunue, muone. Wakikatala, ile si chakula."

Kwa Bunia ni sahihi kabisa. Hapa hakuna anayenunua sufuria iliyofunikwa. Mteja anafika, mama anainua kifuniko, mteja anainama, ananusa, anauliza ya pili, ndipo anakaa. Basi Vahwere na Hortense, wamevaa vitenge vyao vya Pasaka, walipita katikati ya meza za mgahawa wa Kihindi, wakasukuma mlango wa jikoni, na Vahwere alikuwa ameshafunua sufuria mbili kabla mlinzi hajafika. Walitolewa kwa adabu kubwa. Maelezo yalipokwisha, saa ya karatasi yao ilikuwa imepita. Wakala ndizi na mayai ya kuchemsha waliyonunua Mahagi, kwenye vitanda ambavyo Vahwere anasema kila kimoja kina upana wa malewa.

Je, Pétronille aliwatuma jikoni kwa moyo mbaya?

"Hapana! Ile ni desturi." Anamgeuza samaki. "Lakini niliposikia wamelala na ndizi, fufu yangu ilishuka vizuri."

Jioni ya pili Vahwere alituma picha za milango yote saba. Pétronille alizikuza kwa vidole vyenye mafuta ya mawese mpaka akaona kile alichokuwa akikitafuta: mgahawa ambao vitambaa vya mezani vilikunjwa kama ndege, na sahani zilikuwa kubwa kama beseni, na katikati ya kila beseni kulikuwa na chakula cha kuku mgonjwa.

"Pale," akajibu. "Pale mutashiba."

Hilo halitetei. "Ile sasa ilikuwa moyo mubaya. Ninakubali."

Walipewa samaki wa kumeza mara tatu na mstari wa rojo la kijani, "kama mutoto amejaribu kalamu," alisema Vahwere katika sauti iliyofuata. Hortense aliomba fufu ya kukamilisha. Mhudumu akaleta mkate, nao ukawa mdogo kuliko andazi lake la bei ya chini, jambo ambalo Hortense amelisimulia soko zima kwa fahari.

Jioni ya tatu simu haikulia. Saa kumi na mbili, kimya. Saa moja, kimya. Pétronille alijua ameshajulikana. Aliitazama simu mpaka akaitupa kwenye beseni la unga, kisha akaenda kuitoa na kuipuliza.

Saa mbili kasorobo ikaja video. Ukumbi mrefu, safu ya sufuria zinazong'aa, kila moja na moto mdogo chini yake. Watu wanatembea na sahani mkononi, wanainua vifuniko wenyewe, wananusa, wanapita, wanarudi. Hakuna anayewagombeza. Na Vahwere akinong'ona nyuma ya simu: "Yaya, angalia. Kila mutu anafunua mwenyewe. Ni malewa! Malewa ya kasino! Ungekuwa hapa ungetukana kila sufuria." Kicheko. Kisha, chini zaidi: "Chumvi wamesahau."

"Niliangalia mpaka simu ikazimika," anasema Pétronille. "Chakula sikuiona. Niliona kiti. Hortense alikuwa ameenda kujaza sahani, kiti kikabaki tupu. Kile kilikuwa kiti yangu."

Mtu mwingine angelia. Pétronille aliiba. Asubuhi alipanga sufuria zake nne kwenye mbabula nne, yale majiko ya bati, makala kidogo kila moja, akaandika kwa chaki kwenye bati: FUNUA MWENYEWE. Waashi walifika wakadhani amefilisika, wakasoma, wakafunua. Hubert alifunua mara sita. Kufika saa saba sufuria zilikuwa tupu, na mteja mmoja aliyezoea kula kwa Vahwere alikuwa amejipakulia vichwa vitatu vya samaki. Siku ya pili ikaongezwa chaki: KICHWA KIMOJA TU.

Siku ya tatu tangu sufuria zipangwe hivyo, Vahwere alirudi, saa sita mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hortense alikwenda moja kwa moja kwenye mandazi yake. Vahwere akasimama katikati ya barabara na mfuko wake. Kushoto malewa yake, baridi, imefungwa. Mbele yake mandazi. Kulia, mbabula nne na maandishi ya chaki. Waashi waliacha kutafuna, kama vile lori limepita. Pétronille alikuwa ameshika mwiko na hakuukumbuka.

Vahwere akavuka. Akainua kifuniko cha kwanza, akainama. Cha pili. Cha tatu. Cha nne alikaa nacho mkononi.

"Umeniiba bufe yangu, yaya."

"Weye uliniiba kizibo."

"Chumvi iko?"

"Onja."

Alikula sahani mbili za sombe, na aliponawa alisema chumvi ilikuwa imezidi kidogo. Pétronille anasema haikuzidi, na Hubert, aliyeulizwa, amejifunza kutokuwa na maoni.

Hiyo ilikuwa miezi miwili iliyopita. Sasa Vahwere ana bufe yake, mbabula tano, moja zaidi, na amenunua sufuria kubwa ya masikio mawili ambayo hubebwa na watu wawili. Pétronille ameiona. Ameiona kila siku. Na yeye anataka ya kwake kabla ya Noeli, kubwa kupita ile.

"Ile haikimbiliki nayo," anasema, akipima kwa mikono hewani. "Nikinunua, ni kusema nimekaa."

Na tombola nyingine ikija? Hilo ameshalipanga. "Nitapita resto yote saba, nifunue kila kitu, niwaambie bado ninafikiri, kama hawa wateja wanavyonifanyaga. Nafasi ya pili ni ya Vahwere. Nani mwingine ataniambia chumvi imepunguka?"

Ng'ambo ya barabara kichwa kinatokeza kwenye moshi.

"Yaya! Uniazime sikre moja, kuko muteja!"

Pétronille anaweka samaki chini. Anachomoa chupa kwenye kreti, anaifungua yeye mwenyewe, anageuza kizibo, anakipangusa kwa kidole, anasoma. Hakuna kitu. Anakitia mfukoni, anaziba chupa kwa dole gumba na kuanza kuvuka, huku Vahwere akicheka mpaka anashikilia nguzo ya malewa yake.

Akirudi, anachukua nyundo. Kwenye ubao, kizibo cha kumi na tatu.