Kochi Nililomfungia Mama Mkwe Kwenye Kirikuu

Jamani, hili jambo nilikuwa nimeapa kufa nalo, ila kwa kuwa nusu ya Singida imeshaiona ile video (na wengine mliirusha kwenye magrupu ya harusi, nawajua kwa majina), bora niwasimulie mwenyewe mkiwa mmetulia, kuliko kuendelea kusikia mitaani kwamba nilimtupa mama mkwe barabarani kwa makusudi. Sikumtupa. Alidondoka, mimi nikaendelea na safari. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Mke wangu, Mama Zawadi, alikuwa amefungasha akarudi kwao Ihanja tangu wakati wa kuvuna alizeti. Sababu ni huu mdomo wangu: nilisimama kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu nikatangaza kwamba mke wangu atapika pilau la ukumbi mzima, makofi yakapigwa, nikakaa chini nimevimba kichwa, na yeye habari akaja kuzisikia kwa jirani. Haikuwa mara ya kwanza. Basi wazee wakakaa, wakaongea wee, mwisho mama mkwe akatoa neno lake: atamleta binti yake mwenyewe mpaka mjini, aione nyumba, anione na mimi nimekaaje, akiridhika atamwacha, asiporidhika anageuka naye. Mnaelewa? Ndoa yangu ilikuwa imeshikwa na mama mmoja wa Ihanja, na mimi kazi yangu ilikuwa moja tu, nisiharibu.

Shemeji yangu akanipigia simu kuuliza waje na basi au vipi. Angekuwa mtu mwingine angesema waje na basi, tutaonana stendi. Mimi nikasema, "Basi la nini? Gari ninalo. Nitawafuata mwenyewe!"

Gari lenyewe mnalijua. Kirikuu, kile kipikapu cha kubebea vitunguu, kina viti viwili mbele, cha dereva na cha mtu mmoja, nyuma ni bodi wazi. Nimeshakata simu ndipo akili ikarudi. Mama Zawadi akikaa mbele, mama yake akae wapi? Na mama mkwe akikaa mbele na mimi... weee! Kwa sisi tuliolelewa na Wanyaturu wa zamani, mama mkwe hukai naye bega kwa bega, humtazami usoni, hata shikamoo unaitoa umeinamia chini, sembuse kubanana naye kwenye kikabini kile huku unatafuta gia karibu na goti lake. Ningekufa kabla ya kufika Ikungi.

Nikaenda kwa Fundi Shabani wa gereji nikamwambia nataka kiti cha abiria nyuma. Akaniuliza, "Nyuma wapi? Pale kwenye vitunguu?" Kisha akanieleza, tena kwa upole: mtu hakai kwenye bodi wazi, ukitaka abiria pale ijengwe bodi iliyofungwa, kiti kifungwe kwa bolti zinazopita mpaka kwenye chesisi, kiwe na mkanda, halafu gari likakaguliwe na kadi ibadilishwe, maana kadi inasema watu wawili. Nikamuuliza inachukua siku ngapi. Akacheka. Mimi safari yangu ilikuwa keshokutwa.

Nikamwona mtu anajifanya mjuaji tu. Nikaondoka nikaenda kwa jamaa mmoja anayechomelea vitanda na mageti (vitanda vyake ni imara sana, sina neno, ila kitanda hakitembei barabarani). Nikambebea kochi la sebuleni kwangu, lile la maruni la watu wawili ambalo Mama Zawadi alilinunua kwa pesa ya kuku wake. Akaunda fremu ya vyuma, akaikaza vizuri kwenye bodi, halafu miguu ya kochi akaigusisha kwenye fremu kwa matone mawili ya moto na waya wa kufungia. Akaniambia, "Kaka, usikimbize." Nikamwambia hapo ni ndege ya rais. Nikatandika na kitambaa cha kufuma.

Ihanja nilipokelewa na kijiji kizima. Mama mkwe alikuwa amejifunga vitenge vipya, mimi nimesimama kule karibu na zizi nimeinamia chini kama nimepoteza sindano, namsikia anamwambia binti yake, "Mwambie baba Zawadi gari lake limependeza." Jamani! Kifua kilijaa. Mama Zawadi yeye aliliangalia kochi lake, akaniangalia mimi, akapanda mbele akafunga mlango kwa nguvu.

Sasa sikilizeni upumbavu wenyewe. Kochi nililifunga likiangalia mbele, na ubao wa nyuma wa bodi nikauacha umelala wazi ili mama apandie vizuri. Nikakaa kwenye usukani, nikainua macho kwenye kioo cha kati, na mle ndani nikakutana uso kwa uso na mama mkwe. Nikashtuka utadhani nimemkuta anaoga. Nikakigeuza kioo kikaangalia paa. Adabu! Dereva mzima nikaondoka sioni nyuma, kwa adabu.

Tulienda polepole, mama anaimba nyimbo za kanisani, tukafika kwenye kasenta kamoja ka maduka barabarani, nayo ilikuwa siku ya mnada, watu wamejaa pande zote, na mimi badala ya kupita kimya nikapiga honi waone. Mbele kulikuwa na tuta. Nikalipanda, kirikuu kikainua pua, nyuma nikasikia paa!

Mama Zawadi akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu Ihanja. "Kuna kitu kimedondoka."

"Ni tuta tu, mke wangu," nikasema. "Wewe tulia, gari nalijua mimi."

Nikaongeza mwendo. Nyuma watu walikuwa wanapiga kelele na miluzi, nami (Mungu anisamehe) nikawapungia mkono.

Mbele kidogo trafiki akanisimamisha. Akaangalia kadi, akaangalia nyuma, akauliza yale machuma ni ya nini. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Afande, kile ni kiti cha ziada. Nimempakia mama mkwe wangu, nikaona nimpe heshima yake."

Akazunguka nyuma. Akarudi taratibu. "Mama mkwe yupi?"

Niliposhuka nikakuta fremu tupu na kitambaa cha kufuma kimenasa kwenye waya. Mama Zawadi alipiga yowe ambalo mpaka leo nalisikia nikiwa nakula. Nikakaa chini pale pale kwenye lami, nikijua nimemuua mama wa watu.

Trafiki akatupakia kwenye gari lake tukarudi. Mama mkwe alikuwepo, Mungu mkubwa, katikati ya barabara, amekaa kwenye kochi lililovunjika miguu miwili, kiuno kinamuuma kidogo, wanawake wa mnadani wamempa chai, na vijana wanapita wanasema "shikamoo bibi" huku simu zimenyooshwa. Nikainama mbali. Nikasema, "Mwambieni mama anisamehe."

Hakuniangalia. Alimwambia binti yake, kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mama mzima na kochi lake tumeanguka, mumeo hakujua. Wewe ukianguka humo ndani kwake, atajua lini?"

Mama Zawadi alilia, akamshika mama yake mkono, wakavuka barabara kungojea basi la kurudi Ihanja. Nililipa faini, gari likalala kituoni, na nyumbani nikarudi peke yangu nikakaa kwenye ndoo, maana kochi lilibaki polisi kuwa kidhibiti.

Nilirudi kwa Fundi Shabani kichwa chini. Bodi imefungwa, kiti kina bolti za kupita mpaka chesisi, kina mkanda, mkaguzi aliingia mpaka uvunguni akatikisa kila kitu, kadi imebadilishwa. Gari lilipokamilika nikampigia Mama Zawadi nikamwambia kiti kimekaguliwa, kimepita.

Akasema, "Sawa, hicho ni kiti. Na wewe nani kakukagua?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nyumba ni baridi, kwamba sitamsemea tena neno mbele ya watu kabla sijamuuliza, na kwamba leo simwambii aje na nini wala lini, aseme yeye.

"Jumamosi," akasema. "Nakuja na basi. Nikikuta umeita watu kunipokea, sishuki."

Jumamosi ndiyo kesho. Nitakuwa stendi peke yangu, na ninyi nawaomba kwa heshima zote mbaki makwenu.