Leo Zamu Yetu ya Maji

Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, alinipigia simu kazini Khuwair kunambia kwamba akili za bibi zimeondoka. Alilisema kwa sauti ya mtu anayeripoti bomba lililopasuka.

"Mama khalas, basi tena," alisema. "Kutwa anauliza maji. Tukimpa gilasi, hataki. Anataka pazia lifunguliwe aangalie kivuli sakafuni. Daktari kamwandikia vidonge vya kumtuliza."

Nilimwamini. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Niliweka simu chini, nikaenda kulia kidogo chooni, nikarudi kwenye makaratasi yangu. Wiki mbili zilipita kabla sijakwenda kumwona.

Bibi alizaliwa Unguja. Alivuka bahari kuja huku nchi ya Waarabu, Bawshar, na watoto watatu wadogo, akifuatana na mume ambaye kwao palikuwa na nyumba ya udongo, mitende, na haki ya maji ya falaji, yaani ule mfereji unaotoka chini ya mlima na kupita shamba kwa shamba, kila familia ikiwa na siku na saa yake ya kuyafungulia. Wanawake wa mtaani walikicheka Kiarabu chake. Babu alikuwa mjini kikazi, kwa hiyo zamu za maji zilimwangukia bibi, ambaye alikulia dukani na hakuwahi kushika jembe. Alijifunza. Nilipokuwa mtoto, likizo zangu zote zilikuwa kwake. Alichomeka kijiti ardhini, akakitazama kivuli mpaka kifike alama yake, kisha akaniamrisha, "Haya, fungua!" Nami nikaling'oa jiwe lililoviringwa matambara mdomoni mwa kijifereji chetu, maji yakaingia shambani yakisukuma majani makavu na sisimizi mbele yake.

Miaka miwili iliyopita aliteleza uani. Ami akamchukua nyumbani kwake Hail, kwa mwezi mmoja tu, apumzike. Neno hilo, kupumzika, sasa nikilisikia damu inanichemka. Katika familia zetu ndilo tunalotumia kuwapokonya wazee. Tulimpokonya kisu cha jikoni apumzike, funguo apumzike, na hata bustani ndogo ya ami hakuruhusiwa kuigusa, maana ina mtu wake. Wakati huo huo ami alinitumia picha za mpango wake: ile nyumba ya Bawshar iwe ya kukodisha watu wikiendi, na bwawa la kuogelea mahali pa midimu. Nilimjibu, "Nzuri, mashallah." Bibi hakuulizwa. Mimi pia sikumuuliza.

Nilipofika Hail, mchana, nilimkuta kakaa kwenye kiti karibu na dirisha, ulimi mzito kwa vile vidonge. Mlezi wake, dada wa Kiganda anayemwita jaja kama wanavyowaita bibi kwao, alikuwa akimchana nywele.

"Mwanangu," bibi aliniambia, "leo zamu yetu. Baada ya laasiri. Nipeleke."

Mke wa ami alicheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka, mbele yake, kama mtu anavyocheka maneno ya mtoto wa miaka mitatu. "Umeona? Ndiyo hivyo kila siku."

"Si kila siku, madam," yule mlezi alisema polepole. "Ni kila siku ya nane. Mimi nimehesabu."

Niliwageukia wote wawili. "Mumemwambia daktari hilo?"

"Daktari hakuniuliza mimi," mlezi alijibu.

Sikubishana. Nilimvisha bibi buibui lake, tukamshika huku na huku mpaka garini. Mke wa ami alibaki mlangoni akipiga simu.

Geti la Bawshar lilikuwa na mnyororo mpya. Tuliingia kwa nyuma, kwenye njia ya mashamba, bibi akitembea hatua tatu na kupumzika moja. Falaji ilikuwa ikipita vile vile, imejaa, inang'aa. Lakini mdomo wa kijifereji chetu ulikuwa umezibwa kwa saruji. Ng'ambo ya pili midimu miwili ilikuwa imekauka kabisa, na shimo kubwa la bwawa limeachwa wazi, mizizi ya mitende ikining'inia pembeni kama nyaya zilizokatwa.

Bibi aliinama huku tumemshika. Alikishika kile kipande cha saruji kwa mkono wake wote, akakipapasa.

Mzee anayesimamia zamu za maji alitokea upande wa msikitini. Alimwona bibi, akaharakisha, akamsalimia kwa heshima zote.

"Leo siku yenu," alisema kwa Kiarabu, akiniangalia mimi. "Saa yenu inaanza sasa hivi. Tangu ami yako aseme hamna haja tena, namfungulia jirani. Lakini nilishangaa. Bi mkubwa alipokuwa hapa hakupata kuikosa zamu hata mara moja."

Siku yetu, ya nane. Saa yetu. Bibi alikuwa kule Hail, chumba cha juu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi ya mashine, na ameihesabu sawasawa kwa kivuli cha nondo za dirisha kwenye vigae. Sisi, wenye simu na digrii, tukamwita mgonjwa.

Nilimwomba mzee mtaimbo. Nilipiga mimi, kisha mlezi akaninyang'anya maana nilikuwa napiga kwa hasira na silengi. Saruji ilipasuka, maji yakaingia. Bibi alisimama pale pale na kuanza kututolea amri: hapo ziba, pale chimba, usimwage yote kwenye mtende mmoja. Ulimi wake haukuwa mzito tena. Alilipasua gome la mdimu mmoja kwa ukucha, akaona ubichi chini, akasema, "Huu haujafa. Nani kaunyima maji?"

Ami alifika amevaa dishdasha, kanzu yake ya kazini, uso mwekundu. "Mumevunja! Mnajua fundi kaifanya vipi kazi ile?"

"Ami," nilisema, "ulijua kuwa leo ni zamu?"

"Nani anajua zamu siku hizi?"

"Mama yako. Ulimnywesha vidonge kwa sababu anajua."

Alitazama maji, akatazama simu yake. "Nilitaka apumzike," alisema.

"Mimi sijachoka," bibi alimjibu. "Nyinyi ndio mmechoka na mimi."

Akatugeukia, akatuonyesha mtende uliofuata.

Daktari mwingine aliviondoa vile vidonge baada ya kumsikiliza bibi kwa nusu saa. Bado anaishi Hail. Ami hakukubali alale Bawshar, na magoti ya bibi kweli hayana nguvu. Lakini kila siku ya nane naomba ruhusa kazini na kumpeleka, mlezi akiwa nyuma na mtaimbo wetu wenyewe. Shimo lipo vile vile. Ami anasema mpango umesitishwa kwa sasa.

Nilimtaka amwombe mama yake radhi. Hajamwomba. Bibi ananiambia nimwachie, ni mwanawe, yeye keshasamehe. Namwambia hiyo ni haki yake. Mimi sijasamehe, si ami na si nafsi yangu, na sina haraka.