Tangazo la Kabazi Ambalo Sikulisoma

Ninayoandika hapa yalinitokea mimi mwenyewe. Mimi ni mzee wa kanisa, na kwa umri huu sina haja ya kumdanganya mtu. Vijana wa redio yetu wameniomba niwaandikie jinsi kituo kilivyoanza. Nitawezaje kuwaandikia habari za mitambo nikaliacha hili?

Tulianzia Lanet, nje kidogo ya Nakuru, kwenye nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, mlingoti ukiwa shambani nyuma yake. Tulisikika kwenye masafa ya kati mpaka Subukia na Kabazi. Saa moja jioni nilisoma matangazo ya vifo na ya watu waliopotea, na niamini, saa hiyo hata waliokuwa wakigombana walinyamaza.

Sheria yetu ilikuwa moja: hakuna tangazo bila barua ya chifu. Tuliiweka baada ya kutangaza kifo cha mzee ambaye jamaa zake walifika wakilia, wakamkuta akikamua ng'ombe. Aliwaambia wangoje amalize huyo mmoja, ndipo wamzike.

Jioni moja, zikibaki dakika chache nianze kusoma, mwanamume alisimama mlangoni. Ulikuwa wakati wa kiangazi, Lanet yote vumbi, lakini koti lake lilikuwa likidondosha maji. Alinipa karatasi. Iliandikwa kwamba Mama Ciku wa Kabazi aambiwe mume wake, Njuguna, hajamwacha. Yuko kwenye kisima cha zamani, nyuma ya banda la maziwa la shamba la mzungu.

Nilimuuliza barua ya chifu iko wapi. Hakuwa nayo.

“Basi kesho aje mtu wa familia akiwa nayo,” nikasema.

“Sina mtu mwingine wa kutuma,” akajibu.

Sauti yake haikuwa na hasira. Nilimrudishia karatasi, nikafunga mlango, nikaenda kusoma matangazo mengine. Nilipotoka, Koech, askari wetu wa lango, alinicheka.

“Mtangazaji, siku hizi unaongea na mlango?”

Hakuwa ameona mtu akiingia wala kutoka. Lakini pale mlangoni sakafu ilikuwa na maji.

Siku ya tatu mama mmoja alifika na kuku mikononi. Alikuwa Mama Ciku. Alinieleza kwamba mume wake alitoka kutafuta ndama, wiki mbili zikapita. Majirani wakamwambia ameoa mwingine Nakuru, tena wakamcheka waziwazi sokoni. Kisha jioni ile, yeye na majirani haohao walinisikia redioni nikitaja kisima. Walikwenda na taa na kamba, wakamkuta humo pamoja na ndama.

“Uliniondolea aibu,” aliniambia. “Mungu akubariki.”

Akatoa kitambulisho cha marehemu ili nimjue mtu niliyemsaidia. Ilikuwa sura ile ya mlangoni.

Nilifungua daftari tulimoandika kila kilichosomwa. Tangazo hilo halikuwamo. Koech, aliyekuwa na redio yake langoni, hakulisikia. Kabazi walisikia sauti yangu ikisema maneno niliyokataa kusema. Ningefanya nini? Imani yangu inanifundisha kwamba wafu wako mikononi mwa Mungu, na sidai kujua zaidi. Lakini kosa langu nalijua: nilimpokea yule kuku. Nilikwenda mazishini nikaketishwa mbele, nikashukuriwa mbele ya watu wote, nami nikanyamaza.

Nilinyamaza miaka mingi. Tangu siku ile, kila nilipofunga kituo nilitoka kwanza nje kuuliza kama yuko anayengoja. Mwezi uliopita nilipanda Kabazi, nikamwambia Mama Ciku ukweli wote. Sasa ni bibi kizee. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliniuliza koti lilikuwa la rangi gani.

“Kijani,” nikasema. “Kiwiko kimoja kimeshonwa kwa uzi mweupe.”

“Huo uzi ni wangu,” akasema. “Kwa hivyo alikuja mwenyewe mpaka Lanet kwa ajili yangu.”

Akalia, akanishukuru mara ya pili, na safari hii niliweza kuipokea shukrani yake.

Ninyi mnaokalia kiti kile leo, barua ya chifu iulizeni. Lakini mtu akija na neno kwa mke wake, msimfungie mlango kabla ya kumwuliza kwa nini amelowa.