Pua ya Mama Mkubwa

Nikisikia harufu ya udi, hata leo na mvi zangu zote, macho yangu hutafuta dirisha kwanza. Wajukuu hunicheka. Wao hawakukaa katika chumba cha Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa alikuwa dada wa mama yangu. Aliolewa na mfanyabiashara wa pwani, akasilimu, na kwa wakwe zake akajifunza kutengeneza marashi. Mumewe alipofariki alibaki na nyumba yake Lyamkena, pale Makambako, enzi ya Mwingereza, malori ya magome ya miwati, miti ya dawa ya kulainishia ngozi, yakipita mchana kutwa. Marashi yake yalikuwa ya karafuu, sandali, waridi, na maua ya miwati aliyoyaloweka katika mafuta. Hayo ya miwati aliyabuni mwenyewe. "Chema chajiuza," alisema, wala hakuwahi kutandika kitu sokoni. Maharusi walimfuata nyumbani.

Nilikuwa bado mdogo alipokuja kwetu Njombe, ametoka kuugua homa kali, akaniomba kwa mama. Alisema nina pua. Mama alicheka, akasema kila mtu anayo. Lakini dada mkubwa hakataliwi, nikapakiwa kwenye lori.

Basi ndugu zangu, nilifungwa. Chumba cha kazi kilikuwa na dirisha moja, nalo lilipigiliwa misumari ili harufu isitoke. Sikuruhusiwa kula kitunguu, wala kuota moto jikoni, na Makambako kuna baridi! Kutwa nzima nilishikishwa chupa.

"Hii imekosa nini?"

"Karafuu imezidi, Mama."

Anaongeza sandali. "Na sasa?"

Nilidhani ananifundisha. Baya kuliko yote, nilikatazwa kulia. "Ukilia pua inaziba," alisema, "na pua yako ndiyo ugali wetu." Nikawa namlilia mama yangu kwa kumeza mate. Nilimchukia yule mwanamke, nasema kweli.

Siku moja alikuwa anafukiza nguo za bibi harusi, huku mama wa binti ameketi mkekani, wanapiga soga. Mimi nilikuwa uani nikichambua karafuu. Ghafla nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua, nikaingia mbio. Chumba kilijaa moshi wa udi, mgeni anafuta macho, haoni kitu. Pindo la kanga ya Mama Mkubwa lilikuwa limeangukia chetezo, linaungua nyuma yake, naye anacheka. Nililimwagia maji ya waridi, yale ya akiba.

"Mama, hukusikia harufu?"

Alinifumba mdomo kwa kiganja. "Huyu mtoto ni mwoga wa moto," akamwambia mgeni. Nilingoja fimbo jioni ile, haikuja. Aliniuliza tu, taratibu, "Ilinukaje?"

Baada ya mavuno mama alikuja kwa lori la magome, na kikapu cha viazi. "Kamwene, dada," alisalimu mlangoni. Nilimrukia, nikalia kilio cha miezi yote.

"Shule inafungua," mama alisema. "Nataka mtoto asome. Lakini mkubwa ni wewe, sema wewe."

Mama Mkubwa alikuwa anafuta chupa moja, anairudia ile ile. Nilijua atakataa. Akaniita karibu.

"Mama yako ananukia nini?"

Ilibidi nipenge kamasi kwanza. "Moshi wa miwati," nikasema. "Na nguo iliyonyeshewa. Na maziwa."

"Maziwa ya mgando?"

"Ndiyo."

Alifumba macho. "Kama jikoni kwa mama yetu," akamwambia mdogo wake. Kisha akasema, "Mchukue."

Niliondoka bila kugeuka nyuma. Mwaka uliofuata tukasikia kuwa maharusi wanalalamika, marashi yamekuwa makali, na haukupita muda akaacha kazi. Watu walisema ni uzee.

Nilikuwa mama wa watoto tayari nilipopatwa na mafua mabaya, nikanywa chai ya tangawizi isiyonukia chochote, nikaketi kitandani na kikombe mkononi. Ndipo nikaelewa: ile homa ilimwacha Mama Mkubwa hai, ikaondoka na pua yake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nami nilikuwa ndiyo kata, na sikujua kitu. Alipigilia dirisha ili isitoke harufu ambayo mwenyewe hakuisikia. Na siku ile aliponifungulia mlango, alijua vizuri nani anabaki ndani.