Vitu vya Nani Hivi?

Mwanangu, jana nilikusikia ukigombana na wifi yako kwa ajili ya sufuria. Langu, langu, mpaka majirani wakachungulia. Leo kaa hapa nikusimulie, na usinikatize.

Nilikuwa mke mpya hapa Iringo, kando ya ziwa, na mimba yangu ya kwanza imeshakuwa kubwa. Ni miaka ile ya shida, ya kupanga foleni ya sukari tangu alfajiri halafu unarudi na kikapu kitupu. Kufua tulifulia majani ya mpapai. Nyumba ilikuwa ya bibi yako, mama mkwe wangu, mjane aliyezaliwa Bugwema, mkali huyo, we acha tu.

Siku niliyofika nilisema "kitenge changu" akanitazama kama nimemtukana. Kwake neno hilo halikuwepo. Ndoo yetu, jembe letu, kuku wetu. Hata ndala nilizovaa miguuni alikuwaga anaziita ndala zetu. Kitenge nilichopewa na mama yangu mzazi, eti chetu! Nilichukia sana. Lakini ndivyo walivyolelewa kwao: mke akishaingia kwenye mji wa mumewe, akianza kusema changu, watu wanajua huyo anafungasha taratibu. Basi nikazoea. Ulimi ukawa unasema chetu wenyewe, bila kuniuliza.

Baba yako naye akawa anahangaika kwa ajili ya mtoto anayekuja. Kwa watu waliokuwa wanavuka ziwa kutoka Kenya akapata miche ya sabuni, kanga na maziwa ya kopo. Tukavificha kwenye gunia la udaga, chini kabisa, mihogo mikavu ikavifunika. Usicheke. Siku zile ukikutwa na sabuni za magendo kama zile unaitwa mlanguzi, unapandishwa lori, na waliochukuliwa hatukujua watarudi lini. Kuna watu walitupa vitu vyao ziwani kwa woga, halafu wakaogopa pia visije vikaelea.

Asubuhi moja lori likasimama nje. Nilijua kabla hawajabisha hodi. Mgambo wakaingia, wakapekua kitanda, wakapekua jikoni, mmoja akalishika gunia akalimwaga. Udaga ukatapakaa sakafuni na sabuni zikatokea.

"Vitu vya nani hivi?"

Nikajibu nilivyofundishwa.

"Vyetu."

"Vyenu nyie akina nani? Taja majina. Mumeo yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini. Kwa neno moja nimempandisha mume wangu kwenye lile lori, na mimi, na mtoto aliye tumboni. Nilijiona nikijifungulia chini, kwenye saruji ya mahabusu. Mkojo ulinitoka, mwanangu, sikufichi. Nilitaka kusema neno lingine na sikulipata.

Mama mkwe akaingia kutoka uani, mikono imejaa unga.

"Ni vyangu," akasema.

"Bibi, huyu kasema ni vyenu."

"Huyu anajua nini? Kaja juzi tu. Humu ndani hana hata kijiko. Nyumba yangu, gunia langu, sabuni zangu. Na mwanangu wa kiume nilimficha habari hizi, hajui kitu."

Nilimtazama nikadhani simjui. Akanawa mikono, akajifunga kanga vizuri, akapanda lori mwenyewe, hakutaka kushikwa mkono. Hakuniangalia hata kidogo, na nilielewa kwa nini: mgambo wasije wakaona tuna siri moja.

Baba yako alipotoka kazini alitaka kwenda kujisalimisha. Mama mkwe akatuma neno kwa mwanamke aliyekuwa anapeleka chakula kule mahabusu: mwanangu asikanyage hapa. Basi tukabaki na woga wetu. Gari likipunguza mwendo barabarani, tunaacha kula. Mbwa akibweka, baba yako anasimama nyuma ya mlango. Nikajifungua kaka yako, huyo mume wa wifi yako, na nilikuwa naogopa hata kilio chake kisije kikasikika nje.

Walimwachia mama mkwe mvua zimeshaanza. Alikonda, na alirudi na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka tulipomzika. Nilipiga magoti nikamshika miguu.

"Mama, ulibeba kosa letu."

"Kosa lenu lipi? Si nilishasema ni langu? Inuka, mkamwana. Nipe mtoto wetu nimwone."

Sikuwahi kulisema tena jambo hilo mbele yake.

Mwanangu, kusema changu siyo dhambi. Neno hilo lina wakati wake tu. Vitu vya kupikia, vya kuvaa, vya kulalia, sema vyetu, na wala hutapungukiwa. Lakini likija jambo la kumpeleka mtu pabaya, nawe una nguvu ya kulibeba kuliko wenzako, sema ni langu, tena useme mapema, kabla hajaulizwa aliye dhaifu. Mimi siku ile nilishindwa. Mpaka leo sijui kama ningeulizwa tena ningeweza, na hilo linanitisha kuliko mgambo wale.

Mungu akutunze, wewe na wote mnaokula sahani moja. Akuepushie siku ya kuulizwa. Na ikikufika, asikuache bila sauti.